Nyasi Zinakauka na Maji Unamwaga: Kutafuta Kosa kwenye Ratiba ya Vinyunyizio

Februari iliyopita niliitwa kwenye nyumba moja Njiro, Arusha. Mama mwenye nyumba alinipokea getini, bili ya maji mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba fundi. Njoo ujionee. Kila wiki naongeza dakika, na kila wiki nyasi zinazidi kuwa kahawia."

Nilimwomba bisibisi ndefu. Nikaichoma pale palipokauka kuliko pote, ikazama mpaka kwenye mpini. Nilipoichomoa ilitoka na tope. Zile nyasi hazikuwa na kiu hata kidogo. Mizizi ilikuwa imezama kwenye maji kwa wiki kadhaa na ilikuwa inaoza.

Nafunga na kutengeneza mifumo ya vinyunyizio, au springla kama wengi tunavyoziita, Moshi na Arusha. Kosa hili nalikuta mara nyingi kuliko yote: nyasi zikibadilika rangi, mtu anakimbilia kuongeza dakika. Inaniuma, kwa sababu maji hayo yanapotea siku ileile ambayo mtaa wa pili watu wanapanga ndoo wakisubiri mgao. Kabla hujagusa dakika, tafuta kwanza kosa liko wapi.

Anza na bisibisi

Choma bisibisi ya urefu wa sentimita 20 hivi sehemu tatu: penye kahawia, penye kijani, na mpakani. Ikizama kirahisi na kutoka na tope kote, maji yamezidi au tatizo si maji. Ikiingia sentimita tatu au nne kisha ikagoma, maji yanaishia juu. Ikigoma kabisa, hapo ndipo pana ukavu wa kweli, na bado hujajua kama ni ratiba, presha au udongo unaoyakataa maji. Fanya kipimo hiki asubuhi ya siku ambayo hukumwagilia.

Unamwagilia kila siku, lakini ikifika saa 6 mchana nyasi zimenyauka

Asubuhi ni kijani. Mchana zinageuka rangi ya kijivu, ukikanyaga alama ya kiatu inabaki. Bisibisi inaingia kidogo tu.

Ukifungua kontrola (kile kisanduku cha umeme kinachofungua na kufunga maji kwa ratiba) utakuta dakika tano, kila siku. Maji hayo yanalowesha vidole viwili vya udongo, na mizizi haina sababu ya kushuka chini zaidi ya hapo. Jua likitoka, vile vidole viwili vinakauka kabla ya chakula cha mchana. Mara nyingi ratiba hii ni mabaki ya siku nyasi zilipopandwa. Ukoka au paspalum iliyopandwa leo inahitaji maji kidogokidogo, hata mara mbili kwa siku, wiki mbili za mwanzo. Fundi anaweka hivyo, analipwa, anaondoka. Mwaka wa tatu bado kontrola inazihudumia kama mche wa jana.

Dawa ni kuyakusanya maji yaleyale kwenye siku chache. Usifanye kwa ghafla, mizizi mifupi itakufa. Wiki ya kwanza ruka siku moja moja. Wiki ya tatu, mwagilia kila baada ya siku mbili. Ukifika mwezi, mara mbili kwa wiki zinatosha kwa nyasi nyingi za huku.

Sasa, dakika ngapi? Swali hili halijibiki kwa dakika, kwa sababu dakika 10 za kinyunyizio kimoja ni tofauti kabisa na dakika 10 za kingine. Hesabu kwa milimita. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, na hesabu yote inatoka hapo.

Kwa Moshi mjini, ambako ni chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari na joto la Januari na Februari ni kali, mimi huanza na mm 20 hadi 25 kwa wiki. Arusha iko karibu mita 1,400 na kuna ubaridi zaidi, hivyo naanza na 15 hadi 20. Juni mpaka Agosti nakata hadi nusu. Masika ikikolea, Aprili, nazima kabisa. Vuli haitabiriki, hivyo Novemba natazama mawingu na bisibisi.

Chukua bustani ya mita 10 kwa 12. Hiyo ni mita za mraba 120. Kwa mm 20 kwa wiki unahitaji lita 2,400, yaani simtanki ya lita 2,000 nzima na zaidi. Ukiona hesabu hiyo na unajua maji kwako yanakuja siku mbili kwa wiki, unaweza kuamua mapema kwamba nusu ya uwanja iwe maua yanayovumilia ukame au mawe. Huo ni uamuzi wa heshima kabisa, na nimewashauri wengi waufanye.

Kujua vinyunyizio vyako vinatoa milimita ngapi, tafuta makopo sita yanayofanana, yenye pande zilizonyooka (ya maziwa ya unga yanafaa sana). Yatawanye kwenye zoni moja, yaani kundi la vinyunyizio vinavyofunguka pamoja, fungua maji dakika 15, kisha pima kina kwa rula. Vinyunyizio visivyozunguka, vile vinavyotoa maji kama feni, mara nyingi vinajaza karibu mm 9 kwa dakika hizo. Vile vinavyozunguka taratibu vinatoa mm 3 hivi. Ukitaka mm 10 kwa mara moja, aina ya kwanza inahitaji dakika 17 na ya pili dakika 50. Ndiyo maana aina mbili kwenye zoni moja ni kosa lisilotibika kwa ratiba: upande mmoja utazama, upande mwingine utaungua. Zitenganishe, au badilisha nozeli zote (vile vipua vinavyorusha maji) ziwe za aina moja.

Angalia pia tofauti kati ya kopo na kopo. Moja likiwa na mm 12 na jingine mm 4, usiguse kontrola. Kosa liko kwenye presha au nozeli.

Maji yanatiririka mpaka barabarani kabla muda haujaisha

Hapa ratiba inaweza kuwa na kiasi sahihi cha maji, ila kinakuja kwa kasi kuliko udongo unavyomeza. Udongo mzito wa mfinyanzi unaweza kumeza mm 5 tu kwa saa, na vinyunyizio vya feni vinamwaga mm 35 kwa saa hiyohiyo. Ongeza mteremko wa nyumba za Kibosho, Machame au Ilboru, na maji yanaondoka na mbolea yako.

Babu yangu wa Kibosho alimwagilia migomba na kahawa kwa mfongo, ule mfereji wa Wachagga wa kuleta maji kutoka mlimani, na zamu yake ya maji ilikuwa na mipaka. Hakuwa na saa. Alitazama udongo: maji yakianza kung'aa juu na kusimama, aliyaelekeza shamba la chini, akarudi tena baadaye. Mpaka leo nafanya vilevile nikitafuta dakika za zoni. Nasimama, nafungua, nahesabu mpaka maji yaanze kung'aa. Kama ni dakika saba, basi dakika za zoni hiyo ni sita, na kiasi kinachobaki kinagawanywa kwa awamu.

Kwenye kontrola weka dakika sita kwa kila zoni, na nyakati tatu za kuanza: 4:00, 4:45 na 5:30 AM (yaani saa 10:00, 10:45 na 11:30 alfajiri). Bustani yenye zoni tatu itamaliza awamu moja kwa dakika 18, itapumzika dakika 27 maji yashuke, kisha itarudi. Kwa awamu tatu kila zoni itapata dakika 18 kamili bila tone kufika barabarani.

Kama una nyasi za kikuyu zilizokaa miaka mingi, kagua jambo jingine. Kata kipande kwa sepeto utazame pembeni. Kikuyu hujitengenezea godoro la mashina makavu kati ya majani na udongo. Godoro likizidi kidole kimoja, maji yanateleza juu yake kama juu ya turubai. Hapo reki ya chuma yenye meno makali na uma wa shamba vitasaidia kuliko kontrola yoyote: kwangua, toboa mashimo, halafu ndipo umwagilie.

Vinyunyizio vinafunguka saa zisizoeleweka, au vinarudia-rudia

Sehemu hii nakuomba uisome taratibu, maana nusu ya safari zangu zinaishia hapa.

Kosa la kwanza ni letu sisi Waswahili. Mtu anaambiwa mwagilia saa 10 alfajiri, anakwenda kwenye kontrola anaandika 10:00 AM. Mashine inahesabu kuanzia usiku wa manane, haijui saa zetu. Kwake 10:00 AM ni saa 4 asubuhi, jua limeshapanda, na siku ya upepo sehemu kubwa ya maji inaishia hewani au ukutani kwa jirani. Saa 10 alfajiri ni 4:00 AM. Bandika karatasi ndogo ndani ya mlango wa kontrola: saa 10 = 4:00, saa 11 = 5:00, saa 12 = 6:00. Na hakikisha herufi ni AM. Nimeshakuta bustani ikimwagiliwa saa 10 jioni mwaka mzima, wenyewe wakiwa kazini.

La pili ni saa ya kuanza. Watu wanadhani kila zoni inahitaji saa yake ya kuanza. Zoni ziko nne, wanaandika saa nne tofauti. Lakini kwenye kontrola nyingi, saa moja ya kuanza inaamsha programu nzima: zoni ya kwanza, ikiisha ya pili, mpaka ya mwisho. Ukiandika nyakati nne za kuanza, bustani yote inamwagiliwa mara nne. Hilo ndilo lililokuwa kosa la Njiro. Tulifuta nyakati tatu kati ya nne, tukazima mfumo siku 10 udongo upumue, na ilipofika mwezi wa tatu nyasi zilianza kurudi zenyewe. Saa nyingi za kuanza zinafaa pale tu unapotaka awamu, kama nilivyoeleza juu.

La tatu linajificha: programu B. Kontrola nyingi zina programu A, B, na hata C, na zote zinafanya kazi kwa pamoja. Mtu anarekebisha A vizuri, huku B ina saa ya kuanza iliyoachwa na fundi wa kwanza. Pita programu zote, moja baada ya nyingine, na ufute saa usizozitumia.

Na umeme. Umeme ukikatika, kontrola yenye betri ya akiba iliyokufa inasahau saa. Ukirudi saa 3 usiku, yenyewe inadhani ni 12:00 AM, na ratiba yako ya alfajiri inahamia usiku wa manane; ukirudi asubuhi, inahamia mchana. Baadhi ya kontrola za zamani hupoteza na ratiba pia, zikarudi kwenye ile ya kiwandani: dakika 10 kwa kila zoni, kila siku. Badilisha betri kila mwaka hata kama inaonekana nzima. Kisha piga picha ya kila ukurasa wa ratiba kwa simu yako, ili siku ikifutika usianze kukumbuka.

Ukikuta mambo yote yako sawa lakini dakika ni nyingi kuliko ulizoandika, tafuta asilimia ya msimu, ile namba inayoongeza au kupunguza dakika zote kwa pamoja. Kuna aliyeweka 150 wakati wa joto na hakuirudisha.

Vinyunyizio vinanyanyuka nusu, au maji yanachuruzika tu

Kila mita 10 za kimo zinatoa presha ya bar 1. Tenki lako liko kwenye mnara wa mita nne, kwa hiyo lina bar 0.4. Kinyunyizio cha feni kinataka bar 2 hivi, kinachozunguka kinataka karibu 3. Hakuna ratiba itakayoziba pengo hilo, hata ukiweka saa nzima. Unahitaji pampu ya kuongeza presha, au uachane na vinyunyizio utumie mpira kwa mkono. Kwa bustani ndogo, mpira si aibu.

Kama pampu ipo na bado vinalegea, pima mtiririko. Jaza ndoo ya lita 20 kutoka kwenye bomba linalolisha bustani, pampu ikiwa inafanya kazi. Ikijaa kwa sekunde 40 una lita 30 kwa dakika. Kinyunyizio cha feni cha duara zima chenye kufika mita 4.5 kinakula karibu lita 14 kwa dakika, cha nusu duara lita 7, cha robo lita 3.5. Lita zako 30 zinalisha vinne vya nusu duara. Ukikuta saba kwenye zoni moja, igawe zoni hiyo mara mbili. Pampu kubwa zaidi kwenye bomba lilelile jembamba haitakufikisha mbali.

Presha ikiwa nzuri baadhi ya siku tu, linganisha ratiba yako na ratiba ya mgao. Kontrola inafungua Jumatatu na Alhamisi, maji yanakuja Jumanne na Ijumaa, basi kila mara unamwagilia kwa tenki lililobaki robo. Hamisha siku. Na weka swichi ya boya ndani ya tenki inayozima pampu maji yakiisha, kwa sababu pampu ikizunguka kavu inaungua. Mahitaji ya jikoni na bafuni yatangulie daima: toa bomba la bustani katikati ya tenki badala ya chini, ili nyasi zisiweze kumaliza maji ya familia.

Kuna na tatizo la upande wa pili. Nyumba zilizo chini ya mteremko, zinazopata maji kwa mserereko kutoka mlimani, zinaweza kuwa na presha kubwa mno. Utaona ukungu mwembamba badala ya matone, na upepo mdogo tu unaubeba wote. Weka kipunguza presha.

Kinyunyizio kimoja kikiwa kibovu na vingine vizima, ni uchafu. Fungua nozeli, toa kichujio chake, kioshe. Wanaovuta maji ya mfongo watafanya hivi mara kwa mara mpaka waweke chujio kubwa kabla ya pampu.

Mabaka ya kahawia, makopo yanaonyesha maji ni sawa

Basi acha maji. Shika nyasi uvute. Zikinyanyuka kama mkeka, mizizi imeliwa; chimbua utafute funza weupe waliojikunja. Majani yakiwa yametafunwa na baka linapanuka kwa siku, fika na tochi jioni uwatafute viwavijeshi, hasa mvua zinapoanza baada ya ukame. Doa dogo lililoungua katikati na kuzungukwa na kijani kilichokolea ni mkojo wa mbwa. Na chini ya mgrevilea au mwarobaini, mti ndio unaokunywa; tenga zoni yake au panda kitu kingine.

Dimbwi kwenye kinyunyizio cha chini kabisa

Likitokea kila baada ya mfumo kuzima kisha likaisha, ni maji ya ndani ya bomba yanayoteremka. Kinyunyizio chenye vali isiyorudisha maji kinatibu. Lisipoisha, vali ya zoni (koki ya umeme inayofungua na kufunga zoni) haifungi. Funga koki kuu, fungua vali, utakuta chembe ya mchanga kwenye mpira wake. Suuza, kagua kama mpira umechanika, rudisha.

Zoni moja haifunguki kabisa

Ifungue kwa mkono kwenye vali. Maji yakitoka, tatizo ni umeme. Pima koili, ile sehemu ya umeme iliyo juu ya vali, kwa multimita: ohm 20 hadi 60 ni nzima, sifuri au kukatika kabisa ni ya kubadilishwa. Koili ikiwa nzima, fuata waya. Mara nyingi umekatwa na jembe. Zoni zote zikigoma, angalia fyuzi na transfoma. Kontrola zilizoletwa na ndugu kutoka Marekani zinakuja na transfoma ya volti 120, na ukiichomeka kwenye volti 230 za kwetu inaungua. Nunua transfoma ya kuingia 230 na kutoka 24, kontrola yenyewe inaweza kuwa bado nzima.

Februari nyasi zilikuwa nzuri, Julai zina ukungu mweupe na uyoga

Ratiba ya joto imeingia kwenye baridi. Udongo haukauki, na kama unamwagilia jioni, majani yanalala yamelowa usiku kucha. Zima mfumo wiki nzima. Kisha rudi na awamu za kumalizia kabla ya saa 12 asubuhi ili jua la kwanza likaushe majani, na teremsha asilimia ya msimu hadi 50. Mimi huiteremsha wiki ya kwanza ya Juni na kuipandisha Septemba, na kila mara naanza kwa kuchoma bisibisi.